Land Rover 109 ya 1976 inakula betri hapa Tabora. Ya pili inakata roho, ninunue ya tatu?

Mrina_Asali

Wakuu, habari za jioni.

Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1976, petroli, silinda nne. Ilikuwa ya marehemu baba, sasa naitumia kufuata asali porini upande wa Sikonge na mizunguko ya hapa mjini. Injini haili oili, gia zinaingia, bodi ni aluminiamu haijui kutu. Kinachonitoa jasho ni betri.

Ya kwanza niliinunua mpya, N70 (saizi ya ampea-saa 70) ya maji. Mwaka haukuisha ikawa hoi. Nikajua nimeuziwa magumashi, nikabadilisha duka na kampuni. Hii ya pili nayo kila asubuhi ni nguu... nguu... ka, kimya. Vijana wa kijiweni wakisukuma hatua chache inawaka palepale, kwa hiyo moto wa plagi upo na mafuta yapo. Mchana ikishatembea inajitahidi, ila ukizima ukaingia sokoni, ukirudi unakuta nzito tena.

Fundi mmoja alisema alteneta, ile inayochaji betri, imekufa. Akachomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, injini ikaendelea, akageuza maneno: alteneta nzima, betri ndiyo mbovu. Mwingine anasema magari ya zamani ndivyo yalivyo, yanakula betri, nifunge N100 nisahau. Wa dukani anaapa betri yake haina kosa.

Ninunue ya tatu? Kubwa zaidi? Kavu au ya maji? Au kuna kitu kinainyonya usiku?

KatubukaKwetu

Uza chuma chakavu hicho mkuu, nunua IST upumzike.

Mrina_Asali

IST ipite Ipole masika na madumu ya asali nyuma? Haya, wenye msaada tuendelee.

Mama_Urambo

Mdogo wangu, mimi nilikuwa na pikapu ya Peugeot 504 yenye ugonjwa huohuo. Fundi alinikwangulia taminali zilikuwa na unga mweupe na kijani, zikaoshwa kwa maji ya magadi, ikapona miezi mingi tu. Anza na cha bure.

Fundi_Ujiji

Mkuu usinunue kitu chochote kwanza. Wewe mpaka sasa hujaambiwa tatizo, umeambiwa maoni.

Na huyo aliyechomoa waya wa betri gari ikiwaka, mwambie kwa heshima asirudie. Kipimo hicho ni cha enzi za dainamo. Alteneta ina daiodi ndani na kidhibiti volti, na betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiitoa betri ghafla, volti zinaruka juu na daiodi zinaweza kufa hapohapo. Amekwenda kupima alteneta nzima, angeweza kuiacha maiti. Tena hakupima chochote: injini ya petroli ya namna hiyo inahitaji umeme kidogo tu wa koili kuendelea kuunguruma, hata alteneta dhaifu inautoa.

Tafuta mita, hata ya bei rahisi. Asubuhi kabla hujagusa swichi, pima betri kutoka kichwa cha chanya hadi kichwa cha hasi. Betri ya asidi ya volti 12 ina seli sita, kila moja volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikijaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikisoma 12.0 au chini iko taabani, na kila siku inayolala hivyo inazidi kujitengenezea ukoko wa salfeti kwenye sahani.

Halafu mtu apige stata wewe ukiangalia mita. Isishuke chini ya 9.6. Halafu iwashe, kanyaga kidogo, washa taa kubwa, pima tena. Hapo nataka kuona kati ya 13.8 na 14.4. Rudi na namba.

Mama Urambo yuko sahihi kuhusu magadi, ila vifuniko vya seli vifungwe kwanza. Magadi yanaua asidi, hayachagui ya nje na ya ndani.

Nyota_ya_Uvinza

Kuna dawa hapa hamuijui. Chumvi ya haluli, vijiko viwili vya chai kwa kila seli, unayeyusha kwenye maji ya moto. Betri inafufuka. Nimeona kwa macho yangu.

Fundi_Ujiji

Umeona ikifufuka, uliiona na wiki ya tatu? Haluli haiondoi ukoko kwenye sahani. Wengine wanaongeza asidi, ni yaleyale: kipimo kinapanda kwa kuwa asidi imekuwa kali, sahani zinaendelea kuliwa. Kinachopungua kwenye betri ni maji, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyochujwa chumvi zote, yale ya chupa ya "maji ya betri", baada ya kuhakikisha chupa si ya asidi. Maji ya kisima yana madini. Asidi inaongezwa tu ikiwa ilimwagika.

KatubukaKwetu

Kwa hiyo na chumvi ya Uvinza tuiache kwenye migebuka 😂

Nyota_ya_Uvinza

Endeleeni kucheka, betri yangu inawaka.

Mzee_wa_Karakana

Mwangaluka wanangu.

Mimi nimestaafu, nilikuwa fundi umeme hapahapa Tabora. Kijana wa asali, hilo gari lako naliheshimu. Kabla hujafunga betri yoyote, hakikisha ni waya upi unakwenda bodini. Series III ilitoka kiwandani hasi ikiwa bodini, sawa. Lakini Land Rover za mwanzo za Series II, na magari mengi ya Kiingereza ya zama hizo, chanya ndiyo ilikwenda bodini. Nimeona watu wamefunga betri kwa mazoea kwenye gari la namna hiyo. Na nimeona Series III iliyopandikizwa viungo vya gari kongwe zaidi mpaka hujui ni ipi. Usiamini rangi ya waya, fuata waya kwa mkono mpaka unapoishia.

Na la pili: hendeli ya kuwashia injini kwa mkono unayo? Hilo gari lina tundu la hendeli mbele. Mtu mwenye hendeli hana haja ya vijana wa kijiweni. Ila shika na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, usikizungushe. Ikipiga kinyume itakuvunja.

Mrina_Asali

Shikamoo mzee. Hendeli ipo nyuma ya kiti, baba alikuwa haiachi. Nimeangalia, hasi iko bodini.

Fundi, namba ni hizi. Asubuhi kabla ya kugusa kitu: 12.1. Wakati wa stata: inashuka mpaka 9.0, mara moja niliona 8.8. Ikiwaka na taa zote: 13.4 pale kwenye betri. Bila taa inagusa 13.7.

Taminali nimezisafisha kwa magadi, hazikuwa mbaya. Mkanda wa feni umekaza.

Halafu kuna kitu kingine, sijui kama kinahusiana. Nikipiga stata kwa muda mrefu waya wa choki unakuwa wa moto. Ile kishikio cha kuvutia. Jana ulinuka plastiki mpaka nikaogopa.

Mzee_wa_Karakana

Ahaa.

Fundi_Ujiji

Mkuu! Hilo la choki lingekuwa sentensi ya kwanza ya uzi!

Sikiliza. Stata inakula umeme mwingi, ampea zaidi ya mia. Umeme huo unatoka chanya ya betri kwa waya mnene, unapita ndani ya stata, unaingia kwenye mwili wa injini, na lazima urudi hasi ya betri. Sasa injini yako haijagusana na chesisi chuma kwa chuma, imekaa juu ya raba. Kinachounganisha ni waya mmoja tu wa athi, ule bapa uliosukwa, unaotoka kwenye injini au giaboksi kwenda chesisi. Waya huo ukichoka, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, na njia iliyopo ni waya wa choki, maana umeshikwa kwenye kabureta upande mmoja na kwenye dashibodi upande wa pili. Kiwaya chembamba kinabebeshwa mzigo wa stata. Kwa nini kisichemke?

Na hapo ndipo betri zako zote mbili zilipofia. Alteneta nayo imefungwa kwenye injini, chaji yake inarudi kwa njia hiyohiyo mbovu. Yenyewe inajiona inatoa volti za kutosha, lakini betri inapokea pungufu. Ukiendesha na taa ndiyo 13.4 unayoiona. Betri inaishi na njaa, haijai hata siku moja, ukoko unajijenga, joto la Tabora la Oktoba linamalizia. Betri ikifanya kazi kwenye joto la nyuzi 10 zaidi ya kawaida yake, umri wake unakaribia kukatika nusu.

Thibitisha kabla ya kunishukuru. Injini iwake, taa zote, pima alteneta: ncha moja ya mita kwenye chanya ya nyuma yake, nyingine kwenye mwili wa alteneta. Halafu linganisha na betri. Kisha weka mita kati ya kichwa cha hasi cha betri (kichwa chenyewe, usiweke kwenye taminali) na chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Hapo inatakiwa isizidi nusu volti.

Mlanda_Nzega

Mnazunguka sana. Mimi nimefunga betri ya sola ya 100 kwenye Land Cruiser ya mzee, hakuna maneno. Jamaa afunge hiyo.

Kibirizi_Usiku

Sola na stata ni kazi mbili tofauti, ndugu wa Nzega. Betri ya sola ina sahani nene chache, inatoa kidogokidogo usiku kucha. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi, inatoa nguvu kubwa sekunde chache kisha inataka irudishiwe mara moja. Land Cruiser yako inawaka kwa sababu umefunga likubwa, si kwa sababu linafaa.

Nayajua haya kwa uchungu wa huku ziwani. Tangu tuhame karabai tukaanza kuvulia dagaa kwa taa za LED, N70 za gari zimejaa kwenye mitumbwi. Mtu anaiwasha taa mpaka alfajiri betri ikauke kabisa, kesho hivyohivyo. Betri ya gari haivumilii kukaushwa namna hiyo. Kisha zinaoshwa, zinapigwa polishi, zinauzwa "imetumika kidogo, ya kwenye gari ya serikali". Mrina Asali, ukiambiwa kuna betri nzuri ya mkononi imetoka Kigoma, kimbia.

Mama_Urambo

Mungu wangu, kumbe ile niliyoletewa na shemeji ilikuwa imevua dagaa 🤣

KatubukaKwetu

Inusie mama, kama inanuka dagaa umepata jibu.

Mrina_Asali

Nimerudi. Nilikuwa porini, mtandao hakuna.

Alteneta kwenye mwili wake: 14.2. Betri wakati huohuo, taa zote: 13.4. Hasi ya betri kwenda injini wakati wa stata: 2.6!

Nikaingia chini. Waya wa athi upo, unatoka kwenye giaboksi unakwenda chesisi. Kwa mbali mzima. Nilipoushika, nyuzi zilizosukwa zilikatika mkononi zikawa unga wa kijani, zimebaki labda robo. Na upande wa chesisi mtu aliwahi kupaka rangi nyeusi chesisi yote akafunga waya juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye uzi wa boliti tu.

Kijana wa welding hapa Ng'ambo amenikatia kipande cha waya wa mashine yake, ule mnene wa shaba, akabana vichwa pande zote mbili. Nimekwangua chesisi mpaka chuma kikang'aa, nimekwangua na giaboksi, nimefunga, nikapaka grisi juu baada ya kukaza.

Choki baridi. Stata imebadilika sauti kabisa na betri ni ileile mbovu.

Mzee_wa_Karakana

Safi. Grisi juu baada ya kukaza, hapo nimekupenda. Wengi wanapaka kwanza.

Sasa pima tena 2.6 ile imekuwa ngapi. Na tofauti ya 14.2 na 13.4 si yote ya athi. Angalia na plagi ya nyuma ya alteneta, ile ya kampuni ya Lucas inashikwa kwa kuchomeka tu. Ikilegea inaungua, utaona plastiki imebadilika rangi.

Mrina_Asali

Mzee una macho mpaka huku. Plagi ilikuwa ya kahawia, jino moja limelegea. Nimebana na kusafisha.

Hasi kwenda injini wakati wa stata sasa: 0.2. Betri na taa zote: 13.9, bila taa 14.1.

Swali linabaki, betri hii nayo naweza kuiokoa?

Fundi_Ujiji

Ipe nafasi moja ya haki. Ichajiwe taratibu nje ya gari, kwa N70 chaji ya ampea kama 7, sehemu ya kumi ya uwezo wake, usiku mzima. Mahali penye hewa, vifuniko vikiwa vimelegezwa, sigara mbali: betri inayochajiwa inatoa haidrojeni. Iache itulie saa kadhaa, kisha pima uzito wa asidi ya kila seli kwa haidromita, ile ya kioo yenye kipira cha kufyonzea. Wenye karakana za chaji hapo Tabora hawawezi kukosa.

Seli iliyojaa inasoma 1.265 hadi 1.280. Zikiwa zote chini lakini zinalingana, chaji tena. Moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo imekufa, na betri nzima ina nguvu za seli yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Mrina_Asali

Tano ziko 1.250 hadi 1.260. Ya nne kutoka chanya ni 1.150, na asidi yake ina rangi ya kahawia kama chai ya rangi.

Fundi_Ujiji

Huo ukahawia ni unga wa sahani umemomonyoka. Pole. Ukikaa chini kiasi cha kutosha unagusanisha sahani mbili na seli inajipiga shoti yenyewe. Niambie, betri yako imebanwa kwenye trei, au imekaa tu?

Mrina_Asali

Imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Fundi_Ujiji

Tyubu na njia za kwenda kwenye mizinga! Mtikisiko nao umechangia. Tafuta fremu ya chuma na boliti zake ndefu mbili, mchomeleaji anakutengenezea kwa nondo na bapa. Chuma kisiguse vichwa. Chini weka kipande cha raba ya mkanda au tairi.

Sasa ununuzi.

N70, baki hapo. N100 haitakaa kwenye trei hiyo. N70 ni sentimita 30 na nusu kwa 17 hivi, pima trei yako kwa tepu kabla ya kutoka nyumbani, na pima urefu wa kwenda juu mpaka boneti. Ya maji au kavu? Kwa gari hili na joto hilo mimi napendelea ya maji, kwa sababu ninaweza kufungua nikaona na kupima kama ulivyofanya. Kavu ni nzuri kwa mtu asiyefungua boneti.

Dukani usiulize kampuni kwanza, uliza tarehe. Betri za huku zinatoka Dar, nyingine zimekaa rafu mpaka zimeota vumbi. Kama imeshatiwa asidi, pima volti mbele ya muuzaji: chini ya 12.4 iache, ilikuwa inalala njaa rafuni. Kama ni ile inayokuja tupu wanamimina asidi ukiwa umesimama pale, hiyo haichoki haraka rafuni, lakini usikubali "mimina nikafunge". Ikae nusu saa hivi sahani zinywe, asidi irudishwe kwenye alama, halafu ichajiwe taratibu kabla ya kuingia kwenye gari. Wenye haraka wanaanza maisha ya betri mpya ikiwa nusu tupu.

Angalia na upande wa vichwa. Kuna N70 za chanya kulia na za chanya kushoto. Ukikosea, waya unavutwa mpaka unagusa fremu. Chanya ni kinene kuliko hasi, kwa hiyo taminali ikikataa kuingia usiigonge kwa nyundo, huenda umegeuza betri. Kugonga kunapasua kichwa ndani, huoni leo, utaona porini.

Kobe_wa_Kasulu

Nimesoma uzi wote nikiwa nimetulia. Niongeze kwa wenye Volkswagen Beetle kama mimi, maana tuko wachache na ugonjwa wetu ni wa hatari kuliko wa Land Rover.

Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Kiti kina springi za chuma. Mtu akibadilisha akaweka betri ndefu kidogo ya kwenda juu, wakipanda watu wazito nyuma springi zinashuka zinagusanisha vichwa viwili. Sponji na manyoya ya kiti viko hapohapo. Gari linaungua huku unaendesha. Kifuniko cha betri kilichotoka kiwandani kina kazi hiyo, kikipotea tafuta plastiki ngumu au kata raba nene ifunike vichwa vyote.

Na uliza kwanza kama yako ni ya volti 6 au 12. Za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi ni za volti 6.

Mlanda_Nzega

Ya volti 6 huku tunaipata wapi?

Kobe_wa_Kasulu

Kuagiza, au kubadilisha gari lote liwe la 12. Kubadilisha si betri tu: taa zote, koili, dainamo na kidhibiti chake, mota ya waipa. Mafundi wanaofunga betri ya 12 kwenye gari la 6 na kuliacha hivyo, taa zinawaka vizuri sana kwa muda mfupi.

Mzee_wa_Karakana

Mrina Asali, siku ya kufunga: unatoa hasi kwanza, unarudisha hasi mwisho. Sababu ni spana yako. Ukilegeza chanya wakati hasi bado imeshikwa, spana ikigusa bodi huku iko kwenye chanya umepiga shoti betri nzima, spana inanata na kuwa nyekundu. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu, bodi na hasi ni kitu kimoja. Saa ya chuma na pete vua.

Na ukibustiwa barabarani siku yoyote, kibano cha mwisho cha hasi kiweke kwenye chuma cha injini yako mbali na betri. Ile cheche ya mwisho isitokee juu ya betri.

Mrina_Asali

Mrejesho wakuu.

Nimenunua N70 ya kumimina, chanya upande unaofaa. Muuzaji alinishangaa nilivyotaka ichajiwe usiku kucha, akasema wateja wengine wanaondoka nayo ikiwa bado ya moto. Fremu imechomelewa, raba chini, mafuta ya mgando kwenye taminali baada ya kukaza.

Asubuhi inasoma 12.7. Stata inashuka mpaka 10.6. Inawaka kabla sijatoa mkono kwenye choki.

Fundi, niliendelea na kitu kingine. Nilitoa waya wa hasi nikaunganisha mita katikati, gari limezimwa, milango imefungwa. Inasoma ampea 0.3. Ni ya kawaida?

Fundi_Ujiji

Si ya kawaida kwa gari la 1976. Halina kompyuta, halina saa ya umeme, halina kengele. Likizimwa inatakiwa kuwa karibu na sifuri. 0.3 kwenye N70 inakausha betri yote kwa siku kama kumi, na itashindwa kupiga stata siku nyingi kabla ya hapo. Chomoa fyuzi mojamoja ukiangalia mita. Ikishuka, hapo ndipo mwizi alipo. Usipige stata mita ikiwa katikati, itaungua.

Mrina_Asali

Fyuzi zote nimechomoa, 0.3 ipo palepale.

Fundi_Ujiji

Basi kuna kitu kimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia fyuzi. Redio?

Mrina_Asali

Amplifaya ya redio, chini ya kiti! Mdogo wangu aliifunga kwa ajili ya harusi. Nimechomoa: 0.01.

Mama_Urambo

Harusi ilishaisha, muziki bado unakula betri 😂

KatubukaKwetu

Mkuu betri ya zamani unaipeleka wapi? Huku kuna jamaa anayeyusha risasi anatengenezea vizito vya nyavu.

Kibirizi_Usiku

Usimpe. Jamaa anayeyusha kwenye sufuria ua wa nyumba, watoto wanacheza hapo, na moshi wa risasi unaingia mwilini hautoki kirahisi. Asidi nayo anaimwaga mtaroni.

Mrina_Asali

Nimeirudisha palepale niliponunua mpya, wanapokea mbovu nzimanzima na asidi yake na wamenipunguzia bei. Iko kwenye lundo linalosubiri lori la Dar.

Mzee, nina swali la mwisho. Kuna swichi ya kukata betri, ile ya kuzungusha inayofungwa kwenye hasi. Gari likilala wiki nzima, inafaa?

Mzee_wa_Karakana

Inafaa sana, funga. Nunua ya shaba nzito, zile nyepesi zinachemka kwenye stata na utarudi palepale pa 2.6. Ukishaifunga, pima tena kati ya hasi ya betri na injini wakati wa stata. Na usiikate kamwe injini ikiwa inaunguruma, umeshaelezwa kwa nini.